Jamu ya Kilo Moja

Kuanzia Desemba hadi Februari, gari linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto likisimama Soni, madirisha hujaa mikono. Kila mkono umebeba ndoo ndogo ya plamu. Kuna nyekundu, kuna nyeusi zenye unga mweupe juu ya ngozi, na kuna za manjano zilizopata wekundu upande wa jua tu. Asubuhi muuzaji hashuki bei. Ikifika saa kumi jioni, na magari yaliyobaki kupita ni machache, maneno yanabadilika.

"Shikamoo bibi. Chukua sado nzima, nakupunguzia."

"Marahaba mwanangu. Nzima itanishinda. Nipimie nusu, na humo uniwekee chache ambazo hazijaiva vizuri."

Huyo kijana hunitazama akidhani hakusikia sawasawa. Wateja wake wote huchambua wakitafuta zilizoiva, mimi naomba mbichi kidogo. Sababu ninayo, na nitaieleza muda si mrefu.

Plamu hazisubiri. Zilizobaki jioni hulala chini ya turubai, kesho yake zimelainika, kesho kutwa ni chakula cha nyuki. Ndivyo yalivyo pia maembe ya Muheza na Tabora, mananasi ya Kiwangwa, na mapera yanayodondoka katika viwanja vya shule zetu hadi watoto wanayakanyaga. Msimu ukifika tunda halina thamani, na ukipita tunanunua dukani jamu iliyotengenezwa nchi za mbali kwa matunda ambayo hata miti yake hatuijui. Jambo hili limeniuma kwa miaka mingi.

Nimefundisha sayansikimu maisha yangu yote ya kazi, kwanza Tanga mjini, kisha huku Lushoto ambako nimestaafia. Jamu ni somo ambalo wanafunzi walilifurahia darasani na kuliacha walipofika kwao. Nikiwauliza kwa nini, majibu yalifanana: ni kazi ya siku nzima, inataka vifaa, na wakati mwingine unapika weee mpaka mkono unauma, na bado haishiki. Ushauri wangu kwao ulikuwa mmoja, na ndio ninaoutoa hapa. Usipike jamu ya ndoo nzima. Pika ya kilo moja. Chukua kilo moja ya matunda, sufuria pana na moto wa kutosha, na ndani ya saa moja utakuwa umeshafunga chupa na kuosha vyombo.

Si suala la uvivu. Ni hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi.

Kilo moja ya plamu zilizotolewa kokwa, ukitia gramu 750 za sukari, inakupa gramu 1,750 ndani ya sufuria. Jamu iliyoiva na kushika vizuri itabaki na uzito wa gramu 1,300 hivi. Tofauti hiyo, kama gramu 450, ni maji, na kazi ya moto ni kuyatoa hayo pamoja na yale kidogo uliyoongeza mwanzoni. Ni nusu lita tu. Sasa tia kilo tano za plamu katika sufuria hiyo hiyo. Maji ya kutoa yamezidi lita mbili, lakini mdomo wa sufuria haukupanuka hata kidogo, na mvuke hauna mlango mwingine wa kutokea. Kazi ya robo saa imekuwa ya saa moja na nusu, pengine mbili. Katika muda wote huo tunda linaungua kwa ndani, rangi nyekundu inageuka kahawia, harufu inaondoka pamoja na mvuke, na kile kinachoifanya jamu ishike kinavunjika kwa kuchemka kupita kiasi. Mpishi akiona haishiki, anazidi kuchemsha, na anazidi kuiharibu.

Kinachoishikisha ni gundi ya asili iliyomo katika matunda yenyewe, nayo inaitwa pektini. Mkemia wa Ufaransa, Henri Braconnot, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1825. Imo katika kuta za chembechembe za tunda, na ndiyo inayolifanya tunda bichi liwe gumu. Tunda linapoiva, pektini yake inaanza kulegea, na likiiva kupita kiasi inakuwa imekwisha nguvu. Hapo ndipo msomaji ataona kwa nini naomba plamu ambazo hazijaiva. Robo tatu ya matunda yangu yawe yameiva, kwa ajili ya utamu na harufu, na robo yawe magumu magumu, kwa ajili ya kushikisha.

Lakini pektini peke yake haitoshi. Ikiwa ndani ya maji, nyuzi zake hukimbiana. Asidi, yaani ule ukali wa tunda au wa ndimu, huzituliza zisikimbiane. Sukari nayo huyavuta maji kwake, nyuzi zikabaki hazina pa kujificha, zikashikana na kufanya wavu. Jamu ni huo wavu, umeukamata utamu na vipande vya matunda. Ukikosa kimojawapo kati ya vitatu hivyo, pektini, asidi na sukari, utapata sharubati nzito. Mtu anayepunguza sukari nusu nzima halafu akashangaa jamu yake inatiririka, sababu yake ni hiyo.

Plamu ni tunda la kuanzia kwa sababu vyote viwili, pektini na ukali, zinavyo tayari, hasa kwenye ngozi. Kwa hiyo sizimenyi. Naziosha, nazipitishia kisu kwenye ule mstari wa pembeni, nazizungusha zifunguke, natoa kokwa. Kuna aina ambayo kokwa imeng'ang'ania nyama na haitoki kwa hiari. Hiyo usipigane nayo. Itie pamoja na kokwa yake, ila hesabu ni kokwa ngapi umeacha, maana zikishalainika zitaelea na utazitoa kwa kijiko, na ni lazima uzitoe zote, jino la mtu lisije likavunjika kwa mkate wako. Kokwa hizo usizipasue. Kiini chake kina sumu.

Pima uzito baada ya kutoa kokwa, si kabla. Asiye na mizani aende kwa muuza duka ampimie, au atumie kikombe kimoja kile kile kupimia vyote: vikombe vinne vya plamu zilizokatwakatwa kwa vikombe vitatu visivyojaa vya sukari.

Sufuria iwe pana kuliko ilivyo ndefu, na matunda na sukari kwa pamoja visizidi theluthi yake, maana jamu ikichemka hupanda juu kama maziwa. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Zinafaa kwa mapishi ya muda mfupi, ila asidi ya matunda huila alumini polepole na kuacha ladha ya chuma, hivyo ukishamaliza usiiache jamu ilale humo. Mwenye sufuria ya chuma cha pua aitumie hiyo. Moto wa gesi ni mzuri zaidi kwa sababu unaupandisha na kuushusha utakavyo. Mwenye jiko la mkaa asubiri mkaa wote uwe mwekundu, na awe na makaa mengine yanayowaka pembeni, kwa sababu mwisho wa kazi ndio unaotaka moto kuliko mwanzo.

Tia plamu na nusu kikombe cha chai cha maji. Funika, moto wa wastani, dakika nane hadi kumi. Bado hakuna sukari. Watu wengi hukosea hapa kwa kutia vyote pamoja. Sukari hukaza ngozi za matunda, na ngozi iliyokazwa kabla ya kulainika haitalainika tena, utaitafuna kwenye mkate kama karatasi. Bonyeza ngozi moja kwa mwiko. Ikipasuka bila kubishana, tia sukari.

Sukari yetu ya viwandani, iwe ya Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC ya Moshi, mara nyingi ina rangi ya udongo kidogo. Itafanya jamu iwe na rangi nzito zaidi, lakini haiharibu kitu. Punguza moto sasa, koroga taratibu, na usikilize. Ukikwaruza mwiko chini ya sufuria na ukasikia mchanga, sukari haijayeyuka. Usipandishe moto mpaka sauti hiyo ipotee, la sivyo itaungua chini, au jamu itaganda chembe chembe baada ya wiki chache.

Sauti ya mchanga ikipotea, pandisha moto mpaka mwisho. Usifunike. Kutoka hapa hadi mwisho ni dakika kumi hadi kumi na tano, na usiende popote. Usipokee simu, usimfungulie mgeni. Kwanza povu la rangi ya waridi litapanda haraka, likiwa na mapovu madogo madogo yasiyohesabika. Koroga mara moja moja tu, kwa kupitisha mwiko chini. Baada ya dakika kadhaa povu linashuka lenyewe, mapovu yanakuwa makubwa, yanang'aa, yanapasuka kwa uzito, na rangi inatoka kwenye waridi chafu na kuwa nyekundu ya kuona ndani. Ukiinua mwiko, tone la mwisho halidondoki tena haraka. Linaning'inia, linaungana na jirani yake, kisha yanaanguka pamoja. Hapo ndipo pa kuanza kupima.

Watoto wasiwe karibu. Sukari inayochemka ina joto kupita maji na ikiruka hunata kwenye ngozi. Mwiko uwe mrefu, na mikono ya nguo iwe imeshushwa.

Kipimo changu ni kisahani. Kabla ya kuwasha moto, visahani viwili viko kwenye friza. Asiye na friza akiweke kisahani kielee kwenye bakuli la maji baridi ya mtungini, kitafanya kazi hiyo hiyo. Zima moto kwanza, kwa sababu jamu inaweza kupita kiwango wakati wewe unapima. Dondosha kijiko kimoja kidogo juu ya kisahani, subiri dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikikunjamana juu na ule mfereji ulioachwa na kidole ukabaki wazi, jamu imeiva. Ikikimbia na kuufunika mfereji, washa moto, ongeza dakika mbili, pima tena kwa kisahani cha pili.

Vitabu vya mapishi huelekeza kutumia kipimajoto na kusubiri nyuzi 104 au 105. Namba hiyo ni sahihi kwa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, penye usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Jamu hushika ikizidi kiwango cha kuchemka cha maji ya mahali hapo kwa nyuzi nne au tano, kwa hiyo huku kwetu iko tayari kwenye nyuzi 99 au 100. Mtu wa Lushoto, Mbeya au Nairobi akisubiri 105 kama kitabu kilivyosema, atapata gundi ya kubandikia viatu. Ukitaka kutumia kipimajoto, chemsha kwanza maji matupu jikoni kwako, soma namba, kisha jumlisha nne na nusu. Ama tumia kisahani, ambacho hakijali uko mlimani au pwani.

Ikishaiva, iache itulie dakika tano ndipo uengue povu. Povu halina ubaya wowote, linaenguliwa kwa sababu ya sura tu, na nyumbani kwangu wajukuu wanalingojea na vipande vya mkate mkononi. Kutulia huko kuna faida nyingine: jamu inaanza kuwa nzito kidogo, na vipande vya matunda havitapanda vyote juu ya chupa.

Kuhusu chupa, tumia za kioo. Za siagi ya karanga, za mayonezi, za kahawa, zote zinafaa ikiwa hazina ufa na vifuniko vyake vya bati havijashika kutu wala havinuki vitunguu. Ziweke kwenye maji, zichemke dakika kumi, na ziache humo zikiwa za moto mpaka dakika unayozihitaji. Jamu ya moto kwenye chupa baridi hupasua chupa. Jaza, acha nafasi ya kama nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto, maana jamu iliyonata mdomoni ndiyo njia ya ukungu, kisha funga.

Wengine huishia hapo na kuigeuza chupa kichwa chini. Mimi sitegemei kugeuza. Kama jamu itakaa kabatini miezi, tandika kitambaa chini ya sufuria ndefu, panga chupa zilizofungwa, tia maji ya moto yafunike vifuniko kwa vidole viwili, chemsha dakika kumi. Zikipoa utasikia vifuniko vikilia kimoja kimoja vinapovutwa ndani. Kisichozama katikati, chupa yake iende kwenye friji na iliwe kwanza. Kilo moja itakupa chupa nne za gramu 300 na kidogo cha kuonja. Na ukiwa na chupa nne tu zitakazoliwa ndani ya mwezi, hiyo kazi ya kuchemsha chupa zilizofungwa unaweza kuiacha kabisa, ukaziweka zote kwenye friji. Hiyo nayo ni faida ya kupika kidogo.

Plamu zina msimu mfupi na mahali pachache. Tunda ambalo ningependa kila nyumba ilijue kwa jamu ni pera. Lipo Tanzania nzima, mara nyingi ni la bure, na kwa pektini sijui tunda letu linalolishinda. Tatizo lake ni mbegu. Kata mapera yaliyoiva pamoja na machache ya kijani, na maganda yake, tia maji yakaribie kuyafunika, chemsha dakika ishirini hadi yapondeke, kisha yapitishe kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Mbegu zinabaki, chini inashuka rojo nzito, ya waridi au ya rangi ya krimu kutegemea mti. Kila kikombe cha rojo kitie robo tatu ya kikombe cha sukari, na kwa vikombe vinne kamua limau moja. Itashika upesi kuliko unavyotarajia. Jamu ya mapera huruka sana ikichemka, kwa hiyo kaa mbali kidogo na sufuria.

Rojo hiyo hiyo ni msaada kwa matunda yaliyo maskini kwa pektini, na la kwanza ni nanasi. Nanasi peke yake litakuchosha. Lina harufu ya ajabu, lina ukali wa kutosha, lakini gundi halina. Likune kwenye kikunio au likatekate vipande vidogo sana, kwa kila kilo moja tia robo kilo ya rojo ya mapera, gramu 800 za sukari na maji ya ndimu mbili. Pera halitasikika mdomoni, nanasi litatawala. Asiye na mapera atumie malimau: mbegu zake na ile nyama nyeupe ya ganda zimejaa pektini. Zifunge kwenye kitambaa safi, zichemke pamoja na nanasi, kisha ukamue kitambaa ndani ya sufuria kabla ya kutia sukari.

Maembe yanataka ushauri wa aina nyingine, kwa sababu hayafanani. Dodo na bolibo ni nyama tupu na yanafaa sana. Maembe madogo ya kienyeji yana harufu kuliko yote, lakini nyuzi zake zitakulazimisha kuyachuja. Kwa matatu yaliyoiva weka moja bichi, lile la kuliwa na chumvi na pilipili, na ukamue ndimu mbili au tatu kwa kilo. Sukari gramu 600 inatosha, maana embe limekuja na yake. Huko pwani jamu ya embe haikamiliki bila hiliki, na mimi niliyekaa Tanga nakubaliana nao. Itie mwishoni kabisa, baada ya kuzima moto, kwa sababu harufu ya hiliki ikichemshwa dakika kumi inakuwa imeshahama kwenda kwa jirani. Karafuu moja nzima nayo inapendeza, ila ukumbuke kuitoa.

Papai naliwekea onyo. Papai bivu ni tamu bila ukali, na ukali katika jamu haushikishi tu, unalinda. Bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu hawawezi kuota katika chakula chenye asidi ya kutosha, yaani pH iliyo chini ya 4.6. Plamu, nanasi na pasheni ziko chini ya kiwango hicho zenyewe. Papai, na ndizi pia, haziko. Kwa hiyo kilo moja ya papai itiwe si chini ya vijiko sita vya chakula vya maji ya ndimu au limau, na hata hivyo mimi jamu ya papai siihifadhi kabatini. Inakaa kwenye friji, inaliwa ndani ya wiki tatu. Ukilichanganya papai na pasheni utapata ukali na harufu kwa mpigo mmoja, na hiyo ni jamu nzuri ya kumpa mgeni.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la sukari. Naelewa. Ukiona gramu 750 zinamiminwa sufuriani, moyo unashtuka. Sukari hiyo ina kazi tatu: utamu, kushikisha, na kuhifadhi, kwa kuyafunga maji ili ukungu na bakteria wasiyapate. Jamu inayokaa kabatini mwaka mzima ina sukari karibu asilimia 65, hiyo ya tunda ikiwa ndani yake. Unaweza kupunguza hadi nusu ya uzito wa matunda, na wengi watapenda ladha yake zaidi, mimi mmojawao. Lakini ujue umepunguza ulinzi pia. Itakuwa laini zaidi, na makazi yake ni friji, wiki tatu au nne. Mwenye kisukari asijipe moyo kwa sababu imepikwa nyumbani. Kijiko kimoja cha chakula cha jamu ya kawaida, gramu 20, kina sukari karibu gramu 13.

Na ukikuta ukungu juu ya jamu, tupa chupa nzima. Najua mama zetu walikwangua juu wakaendelea kula, na mimi nimekua hivyo. Lakini kinachoonekana juu ni maua tu. Nyuzi za ukungu zimeshashuka ndani, na baadhi ya aina huacha sumu isiyoonekana. Vivyo hivyo kwa matunda unayoanza nayo. Yaliyochubuka, kata palipochubuka utumie mengine. Yenye ukungu, hata kidogo, yasiingie jikoni. Jamu ya gharama ndogo inatoka kwenye matunda mazuri ya jioni, si kwenye matunda yaliyooza.

Wapo watakaowaza biashara, na Lushoto kuna mifano. Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, limejulikana kwa wageni kwa miaka mingi kwa jamu na jibini lake. Anayetaka kuuza aanze na ofisi ya SIDO ya mkoa wake. Shirika hilo lipo tangu 1973 na usindikaji wa matunda ni miongoni mwa mafunzo yake. Ubora wa vyakula, tangu 2019, uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na bila alama yake maduka makubwa hayatakupokea. Hata kwa chupa za kugawia majirani, bandika karatasi yenye jina la tunda na tarehe.

Msimu uliopita jirani yangu alinijia na ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

"Mwalimu, hii imekataa. Nimepika tangu saa nne mpaka adhuhuri inalia, ni maji."

"Ulitia kilo ngapi, mama?"

"Nane. Sufuria ile ya shughuli."

Nilionja. Rangi ilikuwa imeanza kukolea lakini haikuwa imeungua, alikuwa amekata tamaa mapema, na hilo lilimsaidia. Nilikuwa na rojo ya mapera kwenye friji. Tulipima kile chake kilo kilo. Kwa kila kilo tukatia vijiko viwili vya maji ya ndimu na kikombe kimoja cha rojo, tukachemsha kwenye sufuria pana kwa moto wa mwisho, kisahani kikiwa tayari. Ya kwanza ilishika baada ya dakika tisa. Ya pili alipika mwenyewe, mimi nikiosha chupa, na ya tatu hakuniuliza kitu. Alizima moto, akasukuma kwa kidole, akaiona inakunjamana, akaniambia nimsogezee chupa.